Hata Mtoto Angeweza

Bweni la wasichana,
Bariadi.
11 Februari 2024

Mpendwa Mjomba Dastan,

Mwangaluka. Naamini barua hii itakukuta umeamka vizuri huko Dar es Salaam, pamoja na Anti Elina na watoto. Sisi huku ni mhola, salama. Goti la Bibi Nyanjige bado linamsumbua mvua ikikaribia, lakini yeye anasema linamsaidia kujua siku ya kuanika. Yule ng'ombe mwenye baka kichwani amezaa ndama jike. Pamba ya Baba imeanza kutoa maua, na Mama anakusalimu sana.

Sasa nieleze jambo lililonifanya niandike badala ya kusubiri likizo nikupigie. Simu ya nyumbani ni ya Baba, naye huongea kwa spika mbele ya watu wote. Mwalimu Esteria ametufundisha kuwa barua ya jambo zito ieleze mambo kana kwamba msomaji hajui lolote, hivyo nivumilie nikikueleza unayoyajua.

Unamfahamu Mkohozi. Baba alichukua bomba bovu la kupulizia dawa ya pamba, akalifanya tangi lake kuwa chumba cha hewa. Unapampu kwa mkono mpaka mpini unakuwa mgumu. Mbele ya tangi kuna koki, na mbele ya koki kuna bomba refu la plastiki. Ndani yake unasukuma kizibo cha pamba, kisha tonge la udongo mkavu lililojaa pilipili ya unga. Ukifungua koki ghafla, hewa inasukuma kizibo, kizibo kinasukuma tonge, nalo linakwenda kupasukia mbele ya tembo. Sauti yake ni kama ya mzee anayekohoa kabla ya kusema, ndiyo maana akaitwa hivyo. Kabla ya Mkohozi tulikuwa tunalima mahindi na tembo wa pori la akiba wanavuna. Sasa nusu ya kijiji chetu cha Zagayu wana Mkohozi wao, na wote walifundishwa na Baba.

Mwezi uliopita Baba alipokea barua ya kampuni inayoitwa Kinga Mazao. Wanasema wameomba hataza, yaani haki ya kuwa wao peke yao ndio watengeneze na kuuza, ya "kifaa cha kurushia kwa hewa iliyobanwa chenye kizibo laini". Wanamtaka Baba na majirani waache kutengeneza, la sivyo watafikishwa mahakamani. Jirani yetu Josia amekwishamficha Mkohozi wake ghalani chini ya magunia.

Chini ya barua hiyo kuna muhuri wa ofisi ya mawakili. Nimeusoma mara nyingi. Ni ofisi unayofanyia kazi wewe.

Mjomba, Krismasi ya mwaka juzi ulimpiga picha Mkohozi kwa simu yako, pande zote, hata ndani ya tangi. Naomba uniambie picha zile zilikwenda wapi.

Nafunga barua kwa heshima, nikisubiri jibu lako kuliko ninavyosubiri likizo.

Mpwa wako,
Violeth Mihayo


Mnazi Mmoja,
Dar es Salaam.
3 Aprili 2024

Kwa Violeth, mpwa wangu,

Mwangaluka mayu, binti yangu. Barua yako ilifika siku nyingi. Nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa na mambo ya kupanga. Huku joto halijapungua. Anti Elina ameanza kuuza maandazi asubuhi, watoto wanaendelea na shule. Mpe Bibi pole ya goti, na mwambie ndama huyo nimeshamchagulia jina.

Nimesoma maombi ya Kinga Mazao. Yamebandikwa hadharani, kila mtu anaruhusiwa kuyasoma. Wametumia chupa ya chuma badala ya tangi la bomba, na kizibo chao si pamba. Ni sponji yenye punje ndogo ngumu za plastiki ndani. Lakini wameandika kwa upana, hivi kwamba kizibo chochote laini kinakuwa chao.

Kuna njia mbili za kuwapinga. Ya kwanza ni kuonyesha kuwa baba yako alitangulia. Hatuna karatasi, na mashahidi wetu ni majirani na ndugu. Watasema tumepanga. Ya pili ni kusema jambo lenyewe ni dhahiri. Hataza haitolewi kwa kitu ambacho mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi hiyo angekifikia bila kuumiza kichwa. Tukithibitisha hivyo, hakuna atakayekimiliki, na Josia atamtoa Mkohozi wake ghalani.

Ndani ya bahasha kuna tamko fupi. Baba yako aweke sahihi kwamba kifaa hiki ni kitu cha kawaida ambacho mkulima yeyote wa pamba mwenye bomba bovu angekitengeneza. Mpe tamko hilo tu, usimsomee barua hii.

Kuhusu nani aliwaonyesha, usiulize. Hakutusaidii.

Mjomba wako,
Dastan


Bariadi.
21 Aprili 2024

Mpendwa Mjomba,

Salamu kutoka kwa sote. Bibi anasema mtu aliye mbali hapewi kazi ya kumpa ndama jina, hivyo yeye amekwishamwita Shukrani. Mvua zimekuwa nzuri kwa mahindi, na kilicho kizuri kwa mahindi unajua nani mwingine hukifurahia.

Nilikwenda nyumbani Jumamosi kwa ruhusa ya matroni. Nilimpa Baba lile tamko. Alilisoma polepole akiwa amekaa kwenye kigoda, akifuata mistari kwa kidole. Mimi nilidhani ni jambo rahisi, kwa sababu unamjua Baba. Ukisifia ng'ombe wake, atakuambia amekonda. Ukisifia shamba lake, atakuonyesha magugu. Watu wakimsifia Mkohozi yeye husema, "Kitu kidogo tu hicho, hata mtoto angeweza." Amesema hivyo mbele yangu miaka yote, na kila mtu hapa husema hivyo kuhusu chake, kwa kuwa anayejisifu huita jicho baya.

Basi alilikunja tamko na kunirudishia. Nikamwambia, Baba, maneno haya ndiyo yako ya kila siku. Akajibu bila kupandisha sauti:

"Kusema ni kitu kidogo ni adabu, Violeth. Kuweka sahihi kwamba ni kitu kidogo ni uongo."

Kisha akaenda kufunga ng'ombe. Jioni hiyo hakula vizuri.

Mjomba, mimi ni mtoto na wewe ni mkubwa, nami sikutuhumu, nauliza tu. Ni nani anayefaidika Baba akiandika kwa mkono wake kwamba hakuvumbua kitu? Karatasi hiyo ikishafika kwenye ofisi yako, ile yenye muhuri ule, itawekwa faili gani? Nilimuuliza Mwalimu Esteria, bila kutaja majina, kama mtu anaweza kuandikia pande mbili za shauri moja. Alisema mtu wa namna hiyo ana kalamu mbili na mfuko mmoja.

Nilikuuliza kuhusu picha, ukanijibu kuhusu sheria.

Tembo waliingia kwa Josia wiki iliyopita. Aliogopa kumtoa Mkohozi wake kwa sababu ya ile barua. Aligonga debe tu kuwatisha. Mahindi yake sasa ni mabua yaliyolala, na mkewe ameanza kuulizia chakula kwa ndugu zake.

Nabaki kuwa mpwa wako,
Violeth


Mbagala,
Dar es Salaam.
19 Mei 2024

Violeth,

Mhola huku, kiasi. Tumehamia Mbagala, tumia anwani hiyo ya juu. Anti Elina anasema maandazi yanauzika zaidi huku.

Barua yako nimeisoma. Hasira yako umeiandika kwa herufi nzuri sana, mwalimu wako apongezwe.

Pingamizi limeshapelekwa kwenye ofisi ya usajili wa hataza bila tamko la baba yako. Limeandikwa na Wakili Veronica, ambaye ana chumba kimoja na moyo mkubwa. Kinga Mazao wamejibu kwamba kifaa si dhahiri hata kidogo, kwamba nchi nzima watu wanapigana na tembo kwa debe na moto na hakuna aliyewahi kuwaza hivi.

Basi usiniamini mimi wala usiwaamini wao. Likizo ya Juni nenda Kasoli kwa shangazi yako. Kule hawasumbuliwi na tembo kama nyinyi, na Mkohozi hawajamwona. Waulize mafundi wa mabomba na watoto wa shule: tembo wakija, nao wana bomba bovu na pamba, watafanya nini. Usiwaelekeze jibu. Wakilipata wenyewe, ni dhahiri.

Matokeo yakitupinga, niandikie hivyo hivyo yalivyo.

Dastan


Zagayu.
30 Juni 2024

Mpendwa Mjomba Dastan,

Mwadila. Nakuandikia nikiwa nyumbani, jua limeelekea upande wa ghala. Bibi ni mzima, Shukrani anaruka ovyo, na pamba imepasuka shamba zima. Tunavuna. Vidole vyangu vina michubuko, usishangae mwandiko.

Kasoli nilikwenda. Kwanza nilimwendea fundi Salu anayetengeneza mabomba ya dawa karibu na ghala la chama cha ushirika. Nilimweka mbele bomba bovu, pamba, na kipande cha bomba la plastiki. Alifikiri kwa muda mrefu huku akijikuna shingo. Akasema kama ni tembo, yeye angempigia simu askari wa wanyamapori, kisha angepanda mti, na bomba angeniuzia mimi. Fundi wa pili alisema angelitengeneza bomba hilo liwe zima akapulizie pamba, maana kazi ya bomba ndiyo hiyo.

Kisha nikaenda shule ya msingi. Watoto walikuwa na majibu mengi. Ngoma, mizinga ya nyuki, moto, kumtukana tembo kwa jina la baba yake. Mmoja aliyekaa mbele alisema ajaze maji ya pilipili kwenye bomba ampulizie tembo usoni. Mwenzake akamuuliza, "Na wewe utakuwa umesimama wapi?" Darasa zima likacheka mpaka mwalimu akaingia. Lakini hakuna aliyewaza hewa peke yake. Hakuna aliyewaza kizibo. Nilipowaeleza jibu, fundi Salu alikaa chini akasema, "Aliyewaza hivyo ni nani?"

Nilisema ni baba yangu. Nilisema kwa sauti, Mjomba, na sikujali jicho la mtu.

Njiani nilifikiri nisikuandikie. Kwa sababu kama si dhahiri, basi pingamizi letu limevunjika, na nimelivunja mimi kwa miguu yangu. Lakini uliniambia niandike yalivyo, na hivyo ndivyo yalivyo. Haikuwa dhahiri. Baba aliivumbua.

Sasa jambo la pili, ambalo ni zito kwangu kuliko la kwanza. Juzi nilikuwa na Mama tunachambua, pamba safi upande huu, pamba fifi upande ule. Nikamwambia kile nilichokuwa nikikiwaza tangu Februari, kwamba wewe ndiye uliyewauzia watu wale picha. Mama aliweka chini pamba yote iliyokuwa mikononi mwake. Aliniambia kwamba kaka yake ametukanwa na mtoto wake mwenyewe, na kwamba amechoka kunyamaza.

Akanieleza habari za maonesho ya wakulima kule Nyakabindi. Wageni wa Kinga Mazao walikuja kwenye kibanda, wakamsifia Mkohozi, wakamrekodi Baba kwa kamera. Wakasifia tena. Unajua hapa kwetu mgeni akisifia kitu chako na kurudia, unampa. Baba akawapa. Alimfunga Mkohozi kwa kamba, akawabebea mwenyewe mpaka kwenye gari. Barua ya kampuni ilipofika alikupigia simu akiwa peke yake, akakuomba watoto wake wasijue kwamba aliwapa kwa mkono wake mwenyewe. Ukaahidi. Kisha mimi nikakuandikia yale niliyokuandikia, nawe ukanyamaza.

Sijui maneno ya kuweka hapa. Nimefuta mara nyingi. Naomba radhi, Mjomba.

Lakini kuna jambo nililihisi wakati ule ule Mama akiongea. Nilikuwa nimeshika pamba, nikaibinya kwa woga, na mbegu zikanichoma kiganjani. Nikakumbuka ulivyoandika kwamba sponji yao ina punje ngumu ndani. Kwa nini mtu aweke punje kwenye sponji?

Mpwa wako,
Violeth


Mbagala.
8 Septemba 2024

Violeth, mpwa wangu mpendwa,

Mwangaluka mayu. Anti Elina anakusalimu na kusema ukija atakupikia kuku. Yale ya radhi tuyaache. Picha zile zilipotea simu ile ilipoharibika, wala hakuna niliyempa. Aliyeona muhuri ule na asishuku angekuwa mzembe, nami sitaki mpwa mzembe.

Matokeo yako ya Kasoli nilimsomea Wakili Veronica nikidhani atasikitika. Alicheka. Alisema Kinga Mazao wameapa kwa maandishi kwamba jambo hili si dhahiri, na sasa sisi tunakubaliana nao. Kama si dhahiri, basi kuna kichwa cha mtu kilicholiwaza. Waseme ni cha nani. Tukabadilisha pingamizi, na swali lako la punje tukaliweka mbele.

Shauri lilisikilizwa wiki iliyopita. Baba yako alikuja kwa basi, amevaa koti lile la harusi ya mama yako. Mfukoni alikuwa na kizibo cha pamba, hakunionyesha mpaka tulipofika.

Afisa wa usajili alimuuliza mhandisi wa kampuni punje zile ni za nini. Akajibu za kuongeza uzito. Afisa akamuuliza kama anataka uzito, kwa nini asiongeze kwenye tonge, maana ndilo linalokwenda mbali. Mhandisi akafunua karatasi zake, akaendelea kufunua.

Ndipo akamgeukia baba yako. Naye akatoa kizibo mfukoni akakiweka mezani, chenye mbegu zake. Afisa akamuuliza kwa nini hakutoa mbegu.

"Mkulima hana pamba isiyo na mbegu, mheshimiwa. Iliyotolewa mbegu iko kiwandani. Nilitia niliyokuwa nayo."

"Na mbegu zinafanya kazi gani humo ndani?"

"Hazifanyi kazi yoyote."

Kila mtu alitazama kizibo kile, kisha picha ya sponji iliyokuwa ukutani. Walikuwa wameiga hata kile kisichofanya kazi.

Wakili wao alitaka kuokoa jahazi. Huyo alikuwa bosi wangu mpaka Aprili. Akafungua video ya Nyakabindi ili aonyeshe kwamba baba yako mwenyewe hajihesabu kuwa mvumbuzi. Nadhani hakutambua kwamba kwa kuifungua alikiri walikuwa pale kabla ya kuomba hataza. Tulimwona shemeji kwenye ukuta, anatabasamu, na jua liko machoni mwake, anasema, "Kitu kidogo tu hicho, hata mtoto angeweza." Wakili akamuuliza kama hayo si maneno yake.

Mayu, nimemfahamu shemeji tangu alipoleta mahari, na sijawahi kumsikia akisema alivyosema pale. Alisimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame.

"Ni yangu. Pale nilikuwa na wageni. Hapa naulizwa. Mkohozi nilimtengeneza mimi, kwa kichwa changu, na kabla yangu hakuwapo."

Akakaa.

Uamuzi utatoka kwa maandishi. Usihesabu siku. Soma.

Mjomba wako,
Dastan


Bariadi.
17 Novemba 2024

Mpendwa Mjomba,

Salamu nyingi, na safari hii niseme mhola kwa ukweli wake wote. Bibi anatembea mpaka kisimani. Mvua za kwanza zimefika na watu wanapanda.

Uamuzi umefika, nami nimeusoma mwanzo hadi mwisho, pamoja na vifungu. Maombi ya Kinga Mazao yamekataliwa. Imeandikwa wazi kwamba kifaa kilitokana na kazi ya Mihayo wa Zagayu na kilionyeshwa hadharani kabla yao, kwa hiyo kila mtu yuko huru kukitengeneza. Baba hatakimiliki peke yake, amechelewa kuomba. Nilidhani atahuzunika. Alinitaka nimsomee tena mstari wenye jina lake, kisha akaniambia nikunje karatasi vizuri isije ikaingia vumbi.

Jumamosi majirani walikuja nyumbani. Josia alimbeba Mkohozi wake begani kama mtoto aliyepona, bado ana vumbi la ghalani. Walikunywa uji, wakamsifia Baba. Fundi Salu alikuja kutoka Kasoli kwa pikipiki ili amwone kwa macho mtu mwenyewe. Alimshika Baba mkono bila kuuachia, akasema mbele ya watu wote kwamba yeye ametengeneza mabomba maisha yake yote na hakuwahi kuliona hilo.

Nilikuwa nimeshika birika, nawanawisha wageni mikono. Niliacha kumimina ili nisikie.

Baba akasema, "Kitu kidogo tu hicho. Hata mtoto angeweza."

Watu wakaitikia, wakacheka, kama ilivyo. Nilimtazama usoni, Mjomba. Akanitazama kidogo tu, kisha akainamisha macho kwenye birika na kuniambia maji yanapoa.

Kuhusu kazi yako ya zamani, kwamba uliiacha ili utusaidie, Anti Elina ndiye aliyemweleza Mama. Wewe hukuandika. Nimehesabu kwamba ulihama Mnazi Mmoja kabla barua yangu ya hasira haijakauka wino. Hukutaka niulize, basi siulizi. Nakutumia michembe ya viazi kwa kondakta wa basi, ya kula na maandazi ya Anti. Bibi ameikausha mwenyewe, na anasema ni michembe ya kawaida, si mitamu.

Usimwamini.

Mpwa wako,
Violeth